Barabara ya Erastus

Miezi michache baada ya Uganda kupata uhuru, Fabiano Wabwire alisimama kwenye stesheni ya Malaba, akaizungusha kamera ufunguo kama mtu anayetia saa ya ukutani majira, akaanza kupiga picha za marobota ya pamba yakipakiwa kwenye mabehewa. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri na wapakiaji walijifunika magunia vichwani. Mwanamke mmoja alipita na ungo wa ndizi mbivu akiwauzia abiria madirishani. Karani wa reli alikuja kuuliza picha ni za nini, akaambiwa ni za serikali, akanyoosha kola yake na kusimama upande wenye mwanga.

Fabiano hakuwa mpiga sinema. Alikuwa dereva wa gari la sinema la ofisi moja ya Tororo, lile lililozunguka vijijini likionyesha filamu za nzi, za vyoo, na za jembe la kukokotwa na ng'ombe. Mzungu aliyekuwa akipiga picha alirudi kwao bendera yake iliposhushwa, na kamera ikabaki kabatini. Bwana Osborn, mkuu mpya Mwafrika, aliitoa, akaigeuzageuza, akauliza ofisi nzima, "Nani hapa anajua hii kitu?" Fabiano akasema yeye ameishi na mashine za picha tangu Burma. Basi akapewa.

Kule Burma, katika Vita Vikuu vya Pili, alikuwa kwenye kikosi cha sinema ya jeshi. Askari waliporudi nyuma kupumzika, kikosi hicho kilifunga shuka nyeupe kati ya miti na kuwaonyesha filamu za watu wakicheza dansi. Mdogo wake, Erastus Ojiambo, alikuwa askari wa bunduki. Walijiandikisha pamoja na kupanda treni moja, na siku moja ya masika Erastus alipigwa risasi ya paja. Fabiano alipofika kambini aliambiwa na sajini kwamba mdogo wake amefia hospitali. Aliuliza kaburi liko wapi. Sajini akasema hospitali yenyewe imekwisha kuhama.

Filamu ya pamba ilipelekwa Nairobi kwa treni kusafishwa, ikarudi baada ya majuma kadhaa. Fabiano aliziba madirisha ya stoo kwa mablanketi, akaitia kwenye projekta. Karani wa reli alikuwepo na kola yake. Mwanamke wa ndizi alikuwepo. Nyuma yake, kutoka behewa la mwisho, alishuka Erastus. Alikuwa amevaa kaptura ya jeshi, kichwa wazi, miguu mitupu, paja limefungwa bendeji iliyochafuka. Alikuwa na umri uleule. Alishika nguzo ya taa, akatazama huku na huku kama mtu aliyeambiwa kwamba atapokelewa.

Fabiano aliendelea kuangalia mpaka mwisho, kwa sababu alitakiwa kuhakikisha kama pamba imeonekana vizuri. Pamba ilikuwa imeonekana vizuri.

Jumamosi alipanda baisikeli mpaka Masafu, kijijini kwao. Alimkuta mama yake, Nasirumbi, uani akipepeta wimbi.

"Mulembe, mama."

"Mulembe, baba. Mbona jasho hivyo?"

"Erastus amefika Malaba."

Nasirumbi aliweka ungo chini. Miaka yote hiyo hakuwahi kubisha kwamba mwanawe amekufa. Alichokuwa akiuliza ni kingine. Kufa amekufa, alizoea kusema, lakini kwa nini hajarudi? Wengine walikufa mbali, Kampala na Kisumu, na wote waliletwa nyumbani.

"Mguu wake?" aliuliza.

"Umefungwa. Anaukanyagia kidogo."

"Na wewe hukuja naye?"

"Yuko ndani ya filamu, mama. Filamu inaishia hapo stesheni."

Mama yake alifikiri kidogo, akachukua tena ungo wake.

"Basi irefushe," alisema.

Fabiano akairefusha. Kila alipotumwa kupiga picha za mnada wa ng'ombe au za chifu akifungua kisima, alibakiza kipande cha filamu, na kwa kipande hicho alipiga barabara. Alianza na njia ya kutoka stesheni ya Malaba mpaka daraja la mpakani. Filamu iliporudi kutoka Nairobi, Erastus alikuwa anatembea pembeni mwa njia hiyo, ameshika fimbo, malori yakimpita na kumrushia matope. Pale picha ilipokwisha, alisimama. Fabiano alipopiga daraja, Erastus alivuka daraja. Askari wa forodha alimwangalia mguu, akampisha.

Ndivyo Fabiano alivyojifunza kazi. Mwanzoni mkono ulitetemeka, na kwenye shuka mdogo wake aliyumba kama mlevi. Akajifunza kubana pumzi. Mara moja, karibu na njia panda ya kiwanda cha saruji, aligeuza kamera kwa haraka kufuata lori, na filamu iliporudi alimwona Erastus ameanguka mtaroni, akihangaika kuinuka kwa mguu mmoja. Tangu siku hiyo hakugeuza kamera kwa haraka tena. Alitembea nayo polepole, kwa mwendo wa mtu mwenye risasi pajani, akipumzika kila penye kivuli ili na mwenzake apumzike.

Wakubwa wa Kampala waliona filamu zake za visima na minada, wakasema huyu mtu ana jicho, picha zake hazina papara. Wakaagiza apewe cheo cha mpiga sinema na afundishe wengine. Alipoulizwa siri yake, alisema yeye anapiga kwa ajili ya mtu anayechechemea. Wanafunzi wakaandika hivyo.

Watu wengine nao walikuja. Nanjala wa Malaba alisikia, akaomba aone filamu ya stesheni. Alipoiona alimtambua marehemu mumewe amekaa juu ya sanduku la mbao, nyuma ya karani wa reli, akisubiri. Alimwomba Fabiano apige njia ya kwake, ile ya kupitia kwenye miwa. Fabiano akaipiga. Mume akafika. Nanjala alikuwa ameolewa tena, na mume huyo wa pili alitazama filamu yote mpaka mwisho, akasema bwana huyu anaonekana mtu wa heshima.

Tororo mjini Erastus alisimama mbele ya duka la Mhindi, akatazama baisikeli mpya kwa muda mrefu. Fabiano aliipenda sehemu hiyo, kwa sababu ndivyo walivyosimama wote wawili mbele ya duka lilelile siku ya kwenda kujiandikisha. Kisha ikaanza barabara ya Busia, na hiyo ilichukua zaidi ya mwaka. Kenya nayo ilipata uhuru, bendera zikabadilishwa upande wa pili, na Erastus alikuwa bado anakuja.

Huko Busia, Fabiano alipiga picha za soko. Alichagua kibanda cha Benedeta, mwanamke wa Kisamia aliyeuza samaki wakavu, kwa sababu kilikuwa mahali penye mwanga. Homa ilimla Benedeta masikio akiwa mtoto, akawa anasikia kwa macho. Ukimtazama usoni na kusema polepole, anakujibu, kwa sauti kubwa kuliko inavyotakiwa, maana sauti yake mwenyewe haijui.

Filamu hiyo iliporudi, Erastus alipita kati ya wateja, akakaribia kamera mpaka uso wake ukajaa shuka nzima. Akaanza kusema. Alisema kwa muda mrefu, akionyesha mguu wake, akionyesha chini, akionyesha mbele. Kamera ile haikuwa na sauti. Fabiano aliiangalia mara nyingi, asielewe. Mwishowe alikwenda sokoni, akasimama mbele ya Benedeta penye mwanga.

"Dada, mtu akisema ndani ya picha, wewe unaweza kumsoma?"

"Anasema Kisamia?"

"Kisamia."

"Kama ana meno, namsoma," Benedeta alisema, na wateja wote wakasikia.

Walikutana Masafu, nyumbani kwa Nasirumbi, mchana wa Jumapili baada ya kanisa. Blanketi liliwekwa dirishani. Jenereta ilinguruma nje kwenye migomba. Nasirumbi alivaa gomesi yake ya kanisani na kukaa kwenye kiti, karibu na shuka. Mwanawe alipotokea, Nasirumbi aliinama mbele na kupangusa shuka kwa mkono, palipokuwa na vumbi juu ya shavu la Erastus.

Benedeta alisoma.

"Anasema, nilikuwa kwenye machela. Watu wanne walikuwa wananibeba. Mvua ilikuwa nyingi, magari yalizama, nyumbu wa mizigo walikufa. Afisa akaja. Akasema wanishushe."

Filamu ilizunguka. Benedeta alisogea mbele.

"Akasema machela inahitajika. Wakanishusha chini ya mti. Wakaniachia chupa ya maji. Wakasema wataleta machela nyingine." Akangoja midomo ifunguke tena. "Anasema, waliweka mashine juu ya ile machela. Wakaifunika na turubai yangu."

"Mashine gani?" Fabiano aliuliza, lakini Benedeta alikuwa anatazama shuka, si yeye, kwa hiyo hakumsikia. Erastus alikuwa amejibu tayari.

"Mashine ya picha," Benedeta alisema kwa sauti yake kubwa. "Ile ya sinema ya jeshi."

Fabiano aliikumbuka machela hiyo. Sajini alimwambia imebaki bure, mwenyewe ameshakufa. Waliibeba siku nzima kwenye matope, yeye na wenzake watatu, na hospitali hawakuwahi kuiona kwa macho. Usiku huo maofisa walitazama watu wakicheza dansi.

Erastus alikuwa amemaliza, amesimama tu, akiwatazama.

"Muulize kama amekula," Nasirumbi alisema.

"Hasikii, mama. Ni picha."

"Nani amekuambia hasikii?"

Baadaye, Fabiano alipokuwa anakunja waya za jenereta, mama yake alitoka na kusimama karibu naye.

"Hiyo machela," alisema. "Wewe ulishika upande gani?"

"Mbele, mama."

"Kwa hiyo hukuona walikoichukua."

"Sikuona. Niliikuta imekwisha kufungwa."

"Haya," mama yake alisema, akaenda kuanua wimbi kabla ya mvua.

Fabiano aliibeba filamu ya soko mpaka Tororo na kumwonyesha Bwana Osborn. Benedeta alikuja naye, akasoma tena. Bwana Osborn alitazama bila kuvuta sigara yake, mpaka ikamuunguza kidole. Alisema ni jambo baya sana. Lakini jeshi lililofanya hivyo, alisema, lilikuwa la serikali nyingine, na serikali hiyo imekwisha kwenda kwao. Yeye amekabidhiwa meza na gari, hakukabidhiwa hayo.

Mwezi wa Novemba ulikuja ugeni wa Kizungu kuweka maua kwa ajili ya askari waliokufa vitani. Kiongozi wao alikuwa mzee mpole mwenye medali, anayejua Kiswahili cha jeshini. Fabiano alimwomba atazame. Mzee huyo alitazama akiwa amevua kofia. Kisha akasema kwamba kumbukumbu zao zinaonyesha Koplo Erastus Ojiambo alifia hospitali, na mtu aliyefia hospitali hawezi kuwa ndiye aliyeachwa njiani.

"Lakini huyu hapa anasema mwenyewe, bwana," Fabiano alisema.

"Namwona," mzee alijibu. "Pole sana. Namwona vizuri kabisa." Akasifu mwanga wa picha, akampa mkono, na ugeni ukaendelea na safari.

Basi zikabaki maili za kutoka Busia mpaka Masafu. Fabiano alizipiga zote, kilima kwa kilima, akiwa na haraka moyoni lakini si mkononi, kwa maana mama yake alikuwa ameanza kukonda na kukohoa. Hospitali ya Masafu walimpa dawa. Kila Jumapili aliuliza Erastus amefika wapi, akaambiwa amefika kwenye mkuyu wa njia panda, amefika kwenye kanisa, amefika kwenye mto mdogo, anavua bendeji aifue.

Wiki ambayo ulibaki ua wa nyumbani tu, Nasirumbi aliamka mapema, akapaka kuta udongo mpya, akapika ugali wa wimbi na samaki wa kuchemsha. Alitandika mkeka mlangoni. Akaketi upande mmoja, akaweka chakula katikati, na upande wa pili akauacha wazi.

"Piga sasa," alimwambia Fabiano.

"Mama, hutamwona leo. Mpaka irudi kutoka Nairobi."

"Najua. Wewe piga."

Fabiano akapiga. Mama yake alimnawisha mtu ambaye hakuwepo, maji yakaanguka mchangani. Alimega ugali, akausogeza upande wa pili. Aliongea. Alicheka, akapiga hewa kofi dogo mahali ambapo bega lingekuwa. Kuna wakati alisikiliza kwa muda mrefu, akiitikia kwa kichwa. Chakula kilibaki vilevile sahanini na nzi wakakijia. Fabiano alibana pumzi mpaka filamu ikaisha.

Filamu ikaenda Nairobi. Ilikuwa bado huko Nasirumbi alipofariki, kwa kile kikohozi, akiwa ameelekea mlangoni.

Ilirudi wakati wa matanga, kabla ya maziko. Watu walikuwa wengi, wa kutoka pande zote mbili za mpaka, na jua lilipotua Fabiano alifunga shuka kwenye ukuta uleule uliopakwa udongo. Nasirumbi alitokea amekaa kwenye mkeka, na mbele yake amekaa Erastus, mguu mmoja umenyooshwa. Alinawishwa. Alikula kama mtu aliyetoka mbali, akifuta sahani kwa kidole, na mama yake alipompiga begani alicheka mdomo ukiwa umejaa. Waombolezaji wakasema alikuwa na njaa huyu. Mwanamke mmoja akalia kwa nguvu. Benedeta aliulizwa wanaongea nini, akasema hataki kusoma hapo, hayo ni ya mtu na mama yake.

Asubuhi Fabiano alimwomba katekista amsomee na Erastus sala za maziko, kwa kuwa sasa amefika. Katekista alisema angependa, na kwamba alimwona jana kwa macho yake. Lakini kaburi linahitaji mwili, na kule mwili uliko, chini ya mti, hakuna anayekujua. Walisoma za Nasirumbi peke yake.

Watu walipotawanyika, Benedeta alibaki kuosha masufuria. Alimtazama Fabiano akipanga makopo ya filamu.

"Picha zote hizi," alisema, "wewe hauko hata moja."

"Mimi ndiye ninayepiga."

"Basi nipe kamera nikupige. Erastus amemwona mama, amemwona karani wa reli, amenikuta mimi na samaki. Ndugu yake hajamwona."

Fabiano alimfundisha kuzungusha ufunguo na kubana pumzi. Alivaa koti. Alitembea kutoka shamba la muhogo mpaka barabarani, mikono mitupu, na Benedeta akampiga toka mwanzo hadi mwisho bila kutikisika.

Filamu iliporudi waliitazama mchana, wawili tu. Fabiano alitokea kwenye muhogo. Mikono yake haikuwa mitupu. Alikuwa ameshika mbele ya machela, mipini miwili imembana kiunoni, na nyuma yake walikuwa watu watatu ambao aliwajua kwa majina, na juu ya machela lilikuwa sanduku limefunikwa turubai. Walikuwa wamelowa. Kando ya njia, chini ya muhogo wa Masafu, alikuwa amelala Erastus na chupa ya maji. Machela ilipompita aliinuka kwa kiwiko. Mdomo wake ulifunguka.

"Anasema nini?" Fabiano aliuliza, akijiinamisha mbele ya mwanga ili Benedeta amwone midomo.

"Anakuita. Anasema, kaka, nisubiri."

Kwenye shuka, Fabiano alikwenda mbele, shingo imekaza kwa uzito, mpaka akatoka nje ya picha.

Aliirudisha filamu mwanzo, akaionyesha tena. Kisha akaomba apigwe upya.

Walingoja siku yenye mwanga mzuri. Safari hii hakutembea kama watu wanavyotembea. Alitembea kinyumenyume, kutoka muhogo mpaka barabarani, uso ameuelekeza alikotoka, akitazama chini ya kila shina, na aliita jina la mdogo wake njia nzima, mpaka waliokuwa wakipalilia shamba la jirani wakasimama na kumwitikia pole. Alianguka mara moja, akainuka bila kugeuka. Benedeta alipiga yote.

Filamu ikaenda, ikarudi. Wakaweka blanketi dirishani. Sanduku lilikuwepo, mvua ilikuwepo, na mtu aliyeshika mbele ya machela alikuwa anatazama mbele.

"Bado ananiita?" Fabiano aliuliza, akimgeukia penye mwanga.

"Bado anakuita," Benedeta alisema, akanyanyuka kwenda kufungua dirisha.